Mshahara unaongelewa kati ya "niwekee" na kaveera: yaliyompata mjukuu wangu hapa Kampala

Wakuu, salaam. Walio wadogo kwangu, marahaba, najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Nimesoma humu wiki nzima vijana mnabishana mshahara uulizwe lini mtu akienda kuomba kazi. Mmoja anasema siku ya kwanza, mwingine anasema usiulize kabisa, utaonekana una njaa. Kwani huna njaa? Kama huna njaa kazi unaitafutia nini?

Nikasema ngoja bibi yenu niweke langu. Ni jambo nililoliona kwa macho yangu mawili, na moja nimefanyiwa upasuaji juzi kwa hiyo linaona vizuri sana. Sitaongeza chumvi. Chumvi naweka kwenye samaki.

Nijieleze kidogo.

Mimi ni Mnubi wa Kibuli, Kampala. Babu yangu aliletwa huku na jeshi la wakoloni kutoka Sudan, akasahau kurudi. Kiswahili changu ni cha kambi ya askari, kina amri nyingi na adabu chache, mnivumilie. Shule niliishia darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja.

Kazi yangu ni samaki. Nauza pale Ggaba, mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Nauza ngege na mputa. Nyie wa Mwanza mnaita sato na sangara, ni walewale, wamevuka tu mpaka. Sokoni wananiita Hajati. Maka sijafika, lakini wameshaniita na mimi nimeshaitika.

Huyo samaki amesomesha mjukuu wangu, Shamim. Nimemlea mimi tangu akiwa na miaka minne. Ana diploma ya mambo ya manunuzi na stoo. Siku ya kuvaa lile joho nilimkumbatia, mwenzake akasema pananukia samaki. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo harufu ya ada.

Sasa diploma ikakaa ukutani miaka miwili.

Shamim akawa anauza vocha kwenye kibanda pale chini ya kilima, anapata hela ya kununua sabuni na kusuka nywele. Alituma maombi mpaka vidole vikawa na sugu. Nikaanza kusikia anasema arudi tu sokoni akae na mimi kwenye meza ya samaki. Wakuu, nilimlipia shule ili asikae kwenye ile meza. Meza yangu naipenda, lakini mimi mwenyewe. Sikutaka imle na yeye.

Basi ikaja simu ya kwanza. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini wanataka karani wa stoo. Njoo intavyu.

Jioni ile nikamkalisha chini nikampa ushauri. Hapa ndipo nilipoharibu, na nakiri mbele yenu.

Ili mnielewe, nirudi nyuma kidogo.

Vita vilipoisha mwaka themanini na sita tukarudi mjini, mimi nikiwa msichana mwenye nguvu na tumbo tupu. Kuna mama mmoja juu ya kilima cha Mbuya, mume wake alikuwa mtu wa ofisi, akanichukua niwapikie. Nikamuuliza atanilipa ngapi. Akatabasamu vizuri sana akasema, "Aah, tutaelewana."

Nikafanya kazi mwezi mzima. Kupika, kufua, kubeba maji kutoka bondeni maana mabomba yalikuwa yamekauka.

Mwisho wa mwezi nikaenda kuelewana. Nikapewa kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, na neno la asante. Kweli siku zile sukari ilikuwa kitu, watu walikuwa wanaifungia kabatini. Lakini mimi sikuwa sisimizi, nilikuwa mtu. Nikamuuliza pesa je. Akaniambia si nimekula kwake mwezi mzima.

Tangu siku hiyo neno "tutaelewana" likitamkwa karibu yangu nashika mkoba.

Kwa hiyo nikamwambia Shamim hivi: ukiingia tu, ukikaa tu, kabla hawajakuuliza jina la baba yako, uliza mshahara. Usikubali wakuguse kabla bei haijatajwa. Hata sokoni kwetu, mteja akibonyeza samaki kabla ya bei namtoa mkono.

Mjukuu wangu mtiifu, maskini. Akafanya nilivyosema.

Kaingia, kasalimia, kakaa. Mzee mwenye duka kafungua faili lake. Shamim kauliza mnalipa ngapi.

Ananisimulia kwamba yule mzee alicheka, kisha akafunga lile faili. Taratibu, kama mtu anayefunika chakula ambacho hatakula. Maswali mengine yalikuwa ya kumsindikiza. "Tutakupigia."

Simu ile ilikaa mkononi kwa Shamim wiki mbili. Alienda nayo mpaka bafuni. Waliopiga ni mtu wa mkopo, na shangazi wa Shamim kutoka Arua.

Akanigeukia akaniambia maneno ambayo hata leo yananiuma, "Jajja, mimi nilikuwa nauzwa. Wewe ukanifundisha kununua."

Jajja ni bibi, kwa Kiganda. Ameng'ang'ana na hilo jina, Kinubi kinamshinda.

Wakuu, nilikaa nalo. Mimi huwa sikosei mbele ya watoto, lakini lile neno liliniingia. Kweli. Mimi pale Mbuya niliumia kwa sababu nilichelewa kutaja bei. Nikamwambia mtoto awahi, akawahi mpaka akapita mlango. Mimi nina miaka mingapi mezani nauza, na nimemfundisha mtoto akili ya mnunuzi?

Siku ya pili yake nikaenda Ggaba nikawa najitazama mwenyewe nikifanya kazi. Si jambo rahisi, jaribuni.

Anakuja mteja. Anapita meza yangu, anapita ya jirani, anarudi. Anamtazama ngege machoni, anafunua shavu aone kama ni jekundu. Akiuliza bei wakati huo, mimi namtajia ya juu na yeye anaondoka, hatukuumizana, hatujuani. Sasa kuna wakati unafika anasimama, ananyoosha kidole, anasema, "Hajati, niwekee huyo."

Niwekee.

Hapo, wakuu. Hapo ndipo mteja amekwisha. Macho yake yameshawaaga wale wengine. Kichwani ameshamkaanga, ameshaita wageni. Ukimwambia bei wakati huo atalia kidogo, atanung'unika, lakini haondoki. Na mimi pia hapo nasikia utu, namwondolea kidogo, tunacheka.

Lakini ukichelewa, ukishamfunga kwenye kaveera, ile mifuko ya plastiki, ukamkabidhi mkononi ndipo useme bei, umeumia. Amemshika. Atakupa anachotaka yeye na atakwambia alifikiri ni bei ya jana.

Kwa hiyo nafasi ni ndogo. Inaanza kwenye "niwekee" inaishia kwenye kaveera. Shamim alisema bei kabla ya "niwekee". Mimi pale Mbuya nilikuwa ndani ya kaveera mwezi mzima na nimefungwa fundo.

Nilimaliza samaki haraka siku hiyo nikapanda boda mpaka nyumbani kumwambia. Akasikiliza huku anakata kucha. Akaniuliza, "Jajja, sasa huyo anayeniajiri ataniita samaki?"

Nikamwambia atakuita jina lolote, wewe usikilize tu neno la kukuweka kando.

Mwezi ukapita. Ikaja hoteli moja upande wa Mbuya, kilima kilekile, mnaona Mungu anavyocheka. Wanataka msaidizi wa manunuzi ya jikoni. Mtu wa kwenda masokoni, kununua mboga, nyama, samaki, kupokea mizigo, kuandika.

Samaki! Niliposikia samaki nilisujudu.

Aliyekuwa anaajiri ni mama wa Kikenya, tumwite Madam Nekesa, mtu wa Bungoma. Kiganda hajui, Kiingereza chake kina haraka, kwa hiyo akiona mtu wa Kiswahili anafurahi. Shamim Kiswahili anacho, cha kwangu, ila amekua na watoto wa Kiganda kwa hiyo L na R zake zinabadilishana viti. "Mshahara" kwake inatoka "mushahala". Nilikuwa namtania kwamba ndiyo maana hauji, anaita jina la mtu mwingine.

Alienda intavyu. Nilimwagiza jambo moja tu: midomo yako isitaje pesa.

Katikati, Madam Nekesa akamuuliza mwenyewe, unatarajia kulipwa ngapi. Mtego, wakuu. Mteja anakuuliza bei huku bado anatembea. Shamim akamjibu kwa adabu kwamba angependa kwanza aielewe kazi vizuri, na wakiona anawafaa hapo wataongea, hatawasumbua. Kisha akamrudisha kwenye kazi: akamuuliza samaki wao wanawapokea saa ngapi na nani anawapima. Madam akasahau pesa, akaanza kulalamika juu ya samaki. Inaonekana kuna mtu alikuwa anawaletea mputa wa juzi kwa bei ya leo.

Nilipoambiwa hivyo nilijua Madam ameshaanza kumfunua Shamim shavu.

Siku ya Alhamisi, alasiri, tuko jikoni nyumbani, mimi nakaanga, Shamim anamenya ndizi. Simu ikaita. Shamim akaangalia namba, akafuta mikono, akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Nikamwonyesha kidole mdomoni kwamba mimi sitasema kitu.

Madam Nekesa akasalimia. Akasema wameona watu wengi, na wamekaa, na wamemchagua yeye.

Mimi kimoyomoyo: niwekee.

Hakupumua hata. Palepale akaendelea, aje aanze Jumatatu, asubuhi na mapema, mshahara ni laki sita na nusu kwa mwezi, na hayo mengine tutaelewana.

Wakuu. Neno lile. Kwenye kilima kilekile.

Nikatazama uso wa mjukuu wangu. Macho yamejaa maji. Mtoto wa miaka miwili ya vocha, ukimtajia laki sita na nusu anaona ikulu. Mdomo umeshafunguka, naona kabisa "ndiyo Madam asante Madam" inakuja juu kama maziwa yanayochemka.

Mimi nimeapa sitasema kitu. Nifanye nini?

Nikachomoa kaveera chini ya sinki. Tupu. Nikaipeperusha mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Kwa nguvu zangu zote. Chwaa chwaa chwaa.

Shamim akanitazama kama nimepagawa. Kisha nikaona imemwingia. Akafunga mdomo.

Kwenye simu Madam akauliza, "Huko kwenu kunanyesha?"

Shamim akasema hapana, ni jajja anapanga vitu.

Kisha mjukuu wangu akavuta pumzi, akasema maneno ambayo nimemwomba anirudie ili niyaandike sawasawa: "Madam, nashukuru sana mmenichagua, na kazi hii naitaka kwa moyo. Kabla sijasema ndiyo, naomba tuongee kidogo juu ya mushahala."

Mushahala! Wiki nzima tumefanya mazoezi. Madam akacheka kidogo kule, lakini kicheko kizuri, cha mtu aliyeshuka kwenye kiti kirefu. Akasema haya, ongea.

Shamim akaomba laki tisa. Hakulia shida. Hakusema nalea bibi, hakusema kodi, na hilo nilimkanya: mteja wangu hanunui ngege kwa sababu paa langu linavuja. Akamwambia tu kwamba amekulia mwaloni, samaki aliyelala anamjua kwa kumtazama, mizani iliyochezewa anaijua, na wachuuzi wa Ggaba anawajua kwa majina na kwa tabia. Hoteli haitauziwa mputa wa juzi akiwa yeye pale.

Kisha akanyamaza.

Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Ukishataja bei, nyamaza. Wengi wenu mngeanza kujipunguza wenyewe: au hata laki nane, au hata saba, au mnavyoona tu. Nawajua, nawasoma humu.

Kule kwenye simu kimya. Huku kimya. Mafuta yanachemka, samaki wangu anaungua upande mmoja, sithubutu kumgeuza.

Shamim nikaona shingo inacheza, anataka kuongea. Na hapo, wallahi sidanganyi, adhana ya alasiri ikaanza msikitini juu. Pale Kibuli sisi spika iko kama juu ya kitanda. Hata angetaka kusema asingesikika.

Madam akasubiri adhana iishe. Akasema, "Sawa. Si mimi peke yangu naamua. Acha niulize."

Akakata.

Wakuu, ule usiku sitawasimulia. Shamim aliosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe changu cha maua kikapoteza mkono. Aliniambia neno moja tu kabla ya kulala, kwamba wakimpa mtu mwingine ile kazi, hiyo kaveera nitaila.

Na mimi niliogopa. Mbele yake nilikaa kama jenerali, lakini niliogopa. Nimeshamharibia moja. Nikimharibia la pili, ile meza ya samaki inamsubiri, na yeye ataikalia kwa ajili yangu, na ataninunia mpaka nife.

Swala ya alfajiri siku ile ilikuwa ndefu.

Ijumaa saa nne simu ikaita. Mimi niko mwaloni, Shamim amekuja kunisaidia kuparua magamba, maana kibandani alishindwa kukaa peke yake. Akaipokea kwa kiganja chenye magamba.

Laki tisa hawana. Wanatoa laki nane, na chakula cha mchana, na simu ya kazi yenye vocha.

Vocha, mtoto wa vocha!

Shamim akanitazama. Nikampa ishara ya kichwa. Na yeye, bila mimi kumfundisha hili, akasema anakubali kwa furaha na anaomba yote matatu yaandikwe kwenye barua kabla hajaja kuweka sahihi. Chakula na simu pia.

Pale nilikaa kwenye ndoo. Hilo la kuandika sikumfundisha, mimi ni mtu wa darasa la tatu. Hilo lilitoka kwenye ile diploma inayonukia samaki. Pesa yangu haikupotea.

Barua ilikuja. Akanisomea. Hakuna mahali pameandikwa "tutaelewana".

Baadaye, walipozoeana, Madam Nekesa alimwambia kwamba wale waliokuja wakasema ndiyo bila neno wanalipwa kile walichotajiwa, na hakuna aliyewakataza kuomba. Na kwamba hakukasirika hata kidogo. Alishawaambia wengine hawakupata, alikuwa anaogopa Shamim asije akakataa, na yeye Madam aanze upya kusikiliza watu.

Mnaona? Yule pia alikuwa anaogopa. Hili nyie vijana hamlijui, mnadhani hofu iko upande wenu tu wa meza.

Sasa mnadhani nimemaliza. Bado.

Mwezi wa pili wa kazi, asubuhi, niko mezani Ggaba, samaki wangu wametoka majini sasa hivi wanang'aa. Gari la hoteli likasimama. Akashuka binti mwenye kitambulisho shingoni na kitabu mkononi. Shamim wangu. Nikajinyoosha, nikawaambia majirani mnamwona yule, ni damu yangu. Nikaanza kuwapanga wakubwa mbele.

Akafika. Akanisalimia kwa heshima, akapiga goti kabisa mbele ya soko zima, kifua changu kikajaa.

Akawatazama samaki. Akafunua shavu moja. Akasema hawa wa leo si wabaya. Akaenda meza ya jirani.

Nikangoja. Akarudi. Akawatazama tena. Nikamtajia bei. Akaandika kwenye kitabu, akasema asante, akaenda meza ya tatu.

Wakuu, nikawa nasubiri aseme "niwekee". Mimi mwenyewe, bibi yake, nimeshika kisu, nasubiri neno moja. Halisemi! Anajua. Nilimpa siri yote kwa mdomo wangu, jikoni kwangu.

Mara ya tatu akirudi nilikuwa nimeshashusha mara mbili bila kuombwa. Nikamwambia wewe mtoto, mimi ni jajja yako. Akajibu kwa upole, huku anaandika, "Nyumbani ndiyo. Hapa mimi ni hoteli."

Alinunua kilo thelathini. Kwa bei ambayo siiandiki humu, jirani zangu wanasoma. Akasubiri niwafunge vizuri, akahesabu, akanipa risiti nikatia sahihi. Gari likaondoka.

Soko zima lilinicheka mpaka saa sita. Na mimi nilicheka, nikafuta macho, nikasingizia magamba.

Basi somo langu ni hilohilo, vijana. Mshahara usiuongee wakiwa bado wanakutazama shavu, na usiuongee ukiwa umeshafungwa. Subiri wakuchague. Wakishakuchagua, shukuru, taja bei, eleza utawafaa nini, funga mdomo. Wakikubaliana nawe, iandikwe. Halafu ndiyo uingie kwenye kaveera.

Na kama una bibi, usimwonyeshe kwamba umejifunza. Mwachie samaki wake bei nzuri.

Haya, uwanja wenu. Nani humu alitaja bei mapema akafungiwa faili? Nani aliambiwa "tutaelewana" na bado anasubiri kuelewana? Semeni bila aibu, mimi nimeshawaambia habari ya sukari na sabuni. Nitasoma yote jioni, Shamim akirudi kutoka kazini anisaidie. Siku hizi miwani yangu ananunua yeye, na alimshusha bei yule fundi wa miwani mpaka nikamwonea huruma.